Kete Zisizolala: kisa cha kijana aliyeandika bao kwenye kompyuta

Kisa hiki ni kwa wanaosimamia vijana katika klabu za kompyuta, na kwa mzazi mwenye kijana asiyebanduka kwenye skrini. Jina Sudi si lake. Shule, mtaa na mwaka nimeviondoa. Yeye na mama yake walisomewa maandishi haya kabla hayajatoka. Mama aliomba niongeze jambo moja, nami nimeliweka mahali pake.

Usuli

Sudi alikuwa na miaka 16, kidato cha tatu, shule ya kata upande wa Temeke. Baba hayupo. Mama anakaanga vitumbua alfajiri na kuviuza kituo cha daladala, na wanaishi vyumba viwili katika nyumba ya wapangaji sita wenye mita moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Hiyo mita ikumbukwe.

Kabla ya kompyuta alikuwa mtoto wa kibanda cha gemu, na alikuwa na sifa mtaani. Watu wazima walikuwa wakimlipia mechi ya mpira wa pleisteshen ili wamwone akimfunga fulani. Halafu mjomba wake akamnunulia laptopu ya mtumba Kariakoo, mtaa wa Aggrey: RAM gigabaiti 4, herufi mbili za kibodi zimefutika, betri imekufa kabisa. Inawaka ikiwa kwenye chaja tu. Umeme ukikatika inazima kama kibatari kilichopulizwa.

Alikuja klabuni kwetu Jumamosi moja mwanzoni mwa mwaka, akajifunza Python, lugha ya kuandikia programu, haraka kuliko wenzake. Ndani ya wiki tatu alikuwa ametengeneza gemu ya nyoka na kikokotozi cha alama za darasa lake, ambacho mwalimu wake wa darasa alikitumia kweli. Nilipomuuliza anataka kufanya kazi gani kubwa, alisema bao. Mabao yote aliyoyapata kwenye simu yalikuwa ya safu mbili. "Hilo si bao, mwalimu. Babu zangu kijiweni wakiliona watacheka."

Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wake. Naandika programu kwa kazi. Bao nalijua kwa kupita tu, kama watu wengi wa rika langu waliokulia mjini: nimeona wazee wakicheza, nimesimama dakika tano, nimeondoka. Udhaifu huo sikuuhesabu wakati huo.

Bao kwa asiyelijua

Bila kipande hiki kisa hakieleweki. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili za upande wake. Mwanzoni kete nyingi haziko ubaoni: kila mmoja anaweka sita kwenye nyumba, shimo moja maalumu la safu yake ya mbele, na mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata kulia, halafu anabaki na 22 za kuingiza moja moja. Hiyo ndiyo hatua ya kunamua. Zikiisha, mchezo unaingia mtaji, hatua ya kucheza kwa kete zilizoko ubaoni tu.

Kete ya mwisho ya mkono ikiangukia shimo tupu, imelala na zamu imekwisha. Ikiangukia shimo lenye kete, ama unakula za mwenzio aliye mkabala, ama unazoa zote zilizomo na kuendelea kutembeza. Kama zamu hiyo si ya kula, inaitwa kutakata. Kwa hiyo zamu moja inaweza kuzoa mara mbili ikalala, au ikazunguka ubao mpaka watazamaji wakaanza kupiga makofi.

Mambo yalivyokwenda

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa raha. Ubao ulichorwa, kete zikasogea, kula kukafanya kazi. Mwezi wa pili programu ikaanza kufa katikati ya mchezo, si kila mara, ila kila baada ya michezo kadhaa. Ujumbe wa kosa ulikuwa ule Python inaoutoa fanksheni, yaani kipande cha maagizo chenye jina, inapojiita yenyewe kupita kiasi. Kwa kawaida Python inavumilia kina cha miito 1,000, mmoja ndani ya mwingine, ikizidi inakata. Sudi alikuwa ameandika kutembeza kete kama fanksheni inayojiita kila inapozoa. Nikamwambia, bila kusita, abadilishe aweke lupu ya kawaida, maagizo yanayorudiwa hadi sharti fulani liyasimamishe.

Akabadilisha. Sasa programu haikufa; iliganda. Feni ya laptopu inavuma kama mashine ya kusaga, skrini imesimama, na njia pekee ni kuchomoa waya ukutani.

"Una lupu isiyoisha," nikamwambia. "Kuna mahali umekosea sharti la kusimama."

Alitafuta wiki mbili. Alisoma msimbo wake mstari kwa mstari, akauchapisha kwenye duka la steshenari kwa pesa ya nauli, akauchorachora kwa kalamu nyekundu. Alikuwa na mafaili yenye majina kama komwe_mpya, komwe_mpya2, komwe_mpya_kabisa. Siku moja umeme ulikatika akiwa anahifadhi, na komwe_mpya_kabisa likafunguka tupu. Kazi ya siku tisa. Hakulia mbele yangu, lakini hakuja Jumamosi iliyofuata.

Aliporudi nilimhurumia, na kwa huruma hiyo nikampa ushauri mbaya kuliko wote wa kisa hiki. Nilimwambia aweke kikomo: zamu ikizoa mara 30, ikatwe, mchezo uendelee. Alinitazama.

"Kwa nini thelathini?"

"Inatosha," nikajibu.

Programu ikaacha kuganda. Tukapongezana.

Wakati huohuo matokeo ya nusu muhula yakatoka. Hisabati ilikuwa imeshuka kutoka 61 hadi 38, na fizikia nayo iliporomoka. Mama Sudi hakupiga kelele. Alichomoa chaja, akaizungusha waya vizuri, akaiweka kwenye ndoo ya vitumbua, chini ya karatasi za kufungia, akaondoka nayo saa kumi na moja alfajiri. Laptopu aliiacha mezani. Kwa mashine isiyo na betri, hilo ni pigo la mtu aliyefikiri. Chaja ilisafiri kwenda kituoni na kurudi kila siku kwa siku kumi na moja.

Kikao na maamuzi

Mjomba ndiye aliyenipigia simu. Tulikaa nyumbani kwao Jumapili jioni: mama, mjomba, mimi, na Sudi kwenye kigoda karibu na mlango. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kutetea kipaji chake. Hotuba yangu haikufika mbali.

"Mwalimu," Mama Sudi alisema, "mimi sijakataa kompyuta. Nakuuliza kitu kimoja. Hiyo kazi inaisha lini?"

Nilimtazama Sudi, Sudi akaniangalia mimi. Hakuna kati yetu aliyewahi kujiuliza.

Ikafuata ya umeme. Wapangaji walikuwa wakinung'unika kwamba chumba cha Mama Sudi kinamaliza uniti kwa kompyuta, na yeye alikuwa ameongeza mchango wake kimya kimya ili wasimseme. Hapo Sudi alifungua mdomo kwa mara ya kwanza. Chaja imeandikwa wati 65. Hata ikila zote kwa saa nne kila siku, na haili zote, ni uniti 0.26 kwa siku, kama uniti nane kwa mwezi. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa moja inamaliza uniti nzima, na kuna mpangaji anayepiga pasi nguo za watu kwa biashara. Mama alimwambia aandike hesabu hiyo kwenye karatasi. Karatasi ilibandikwa pembeni ya mita kesho yake, ikazua ugomvi wake wenyewe ambao si wa kisa hiki.

Tulikubaliana mambo matatu. Chaja itoke Ijumaa baada ya chakula cha usiku, irudi kwa mama Jumapili magharibi. Mama ndiye aliyetaka mipaka iwe ya siku, si ya saa, kwa sababu hayupo nyumbani kuhesabu saa, na hakutaka kumgeuza mdogo wake Sudi kuwa askari. La pili, kazi ipewe mwisho: itahesabika imekwisha siku wazee wawili wa kijiweni watakapocheza bao zima kwenye laptopu, toka kunamua hadi mtu kushindwa, bila kubishana na mashine. Wazo hili lilikuwa la mjomba, nami nililiona dogo. La tatu, mimi nimsaidie hisabati saa moja kila Jumamosi kabla ya kompyuta.

Kijiweni

Siku za katikati ya wiki Sudi hakuwa na pa kwenda. Kibanda cha gemu alikichoka. Akaanza kukaa kijiweni na daftari, chini ya mwembe, ambako ubao wa mninga umelika mashimo yake na kete ni komwe za kijivu zilizong'aa kwa vidole. Mwanzoni wazee walimtuma maji na sigara. Wiki ya pili mmoja alimuuliza anaandika nini, akaonyeshwa kurasa zenye mashimo na tarakimu, na toka hapo akawa anaitwa karani.

Huko ndiko alikolisikia asilolijua. Mzee alikuwa anatakata, kete yake ya mwisho ikaingia kwenye nyumba yake mwenyewe, akakunja mikono. Sudi alisubiri azoe. Hakuzoa.

"Babu, mbona umeacha?"

"Natakata, mjukuu. Nyumba haivunjwi kwa kutakata. Imelala humo."

Programu yetu ilikuwa ikiivunja. Kete zote za nyumba zilikuwa zinazolewa na kutembezwa, zinarudi, zinazolewa tena. Sharti la kusimama nililomtuma alitafute wiki mbili kwenye msimbo lilikuwa chini ya mwembe.

Alirekebisha Ijumaa ile ile. Jumapili tukapeleka laptopu kijiweni na waya mrefu wa umeme kutoka duka la jirani, tukidhani tumemaliza. Wazee wawili walikaa. Mchezo ulikwenda vizuri hadi katikati ya mtaji, mmoja akaanzisha zamu ndefu, kete zinazunguka skrini, watu wanahesabu kwa sauti, na ghafla mashine ikasimama, ikampa mwenzake zamu. Shimo la mwisho lilikuwa na kete tano.

"Hazijalala hizo," mzee akasema.

Nikaeleza kuhusu kikomo.

"Nani kasema thelathini?"

Lilikuwa swali la Sudi lile lile, na safari hii sikuwa na pa kujificha. Mzee hakukasirika. Alisimama, akakung'uta kanzu, akarudi kwenye ubao wa mninga. Bao likaishia hapo.

Usiku ule Sudi alinitumia ujumbe mrefu. Alikuwa na mipangilio mitatu ya ubao aliyokuwa ameinakili daftarini siku zile programu ilipokuwa ikiganda. Alikuwa ameondoa kikomo na kuijaribu yote mitatu kwa kanuni mpya ya nyumba. Miwili ilikuwa inalala sasa. Wa tatu ulikuwa bado unaganda. Aliuliza: je, inawezekana safari hii mashine haijakosea?

Nilikaa na swali hilo kwa siku mbili. Jibu, ukilifikiri, si gumu. Kete ni 64, na ndani ya zamu haziongezeki wala hazipungui. Namna za kuzipanga kwenye mashimo 32 ni nyingi mno lakini zina idadi. Basi zamu ya kutakata ina njia mbili tu: ama italala, ama itafika ilipokwisha kupita, kete zile zile kwenye mashimo yale yale, mkono kwenye shimo lile lile ukielekea upande ule ule. Ikifika hapo itajirudia bila mwisho, kwa kuwa anayetakata hana hiari njiani. Kikomo hakihitajiki. Kinachohitajika ni kumbukumbu: kila unapozoa, andika ubao ulivyo; ukikuta umeshauandika, umegundua zamu isiyolala.

Sudi aliiandika kwa mistari saba. Mpangilio wa tatu ukajibu mara moja: umejirudia.

Hakutaka kuiamini mashine, na mimi sikumlaumu. Jumapili iliyofuata alimwomba mzee aupange ule mpangilio kwa komwe. Mzee akaanza kutembeza, Sudi anapiga vijiti daftarini, chai inapoa pembeni. Dakika ya kumi watu walikuwa wamesimama mduara. Alizoa zaidi ya mara sabini. Kisha Sudi akaushika mkono wa mzee kwa adabu.

"Babu, hapa tumeshapita." Akamwonyesha ukurasa.

Mzee alilinganisha shimo kwa shimo, polepole, midomo ikihesabu. Akazimwaga zote ubaoni.

"Hii nimewahi kuikuta. Mara mbili. Tunafuta, tunapanga upya."

Ndivyo programu inavyofanya leo: inaandika "Kete hazilali. Tunapanga upya."

Matokeo

Wiki tano baada ya kikao, bao zima lilichezwa hadi mwisho bila ugomvi na mashine. Kwa mkataba wa mjomba, kazi ilikwisha, na Mama Sudi alileta vitumbua.

Mtihani wa mwisho wa mwaka, hisabati ilikuwa 52. Fizikia ilibaki chini. Mwenye kibanda cha gemu alitaka bao hilo aliweke kwa kucheza pesa. Mama alijibu kabla Sudi hajafungua mdomo. Laptopu bado haina betri.

Uchambuzi

Nianze na kosa langu, maana ndilo lililokula muda mrefu. Kwa mwandika programu, lupu isiyoisha ni dhambi. Ukiiona unatafuta aliyeitenda. Sikuuliza kama mchezo wenyewe unaweza kuzunguka bila kulala. Nililibeba bao kama fumbo la msimbo wakati lilikuwa na wenyewe, wanaokaa hatua mia tatu kutoka nyumbani kwa kijana. Kikomo cha 30 kilikuwa kibaya kwa namna ya pekee: kilifunika mambo mawili yasiyofanana kwa kitambaa kimoja. Chini yake kulikuwa na kosa la kweli, lile la nyumba, na tabia ya kweli ya bao, zile kete zisizolala. Programu ilipoacha kuganda tulipoteza ushahidi wa yote mawili. Kilichotuokoa ni daftari. Sudi alinakili mipangilio ile kabla ya kuchomoa waya kwa sababu tu hakuniamini sana, na kwa hilo namshukuru.

Alipouliza "kwa nini thelathini" nilipaswa kusema sijui. Kijana wa miaka 16 huwa anasamehe "sijui". Alichofanya badala yake ni kunitii, akabeba ubovu wangu hadi mbele ya wazee.

Chaja kwenye ndoo ni jambo ninalolipima kwa shida. Ni rahisi kusema ilimsaidia, kwa sababu bila hiyo asingekaa kijiweni. Lakini mama hakuificha ili mwanawe ajifunze kanuni za bao. Kwa siku kumi na moja zile Sudi hakuzungumza nyumbani, na hisabati haikupanda kwa kukosa chaja. Mpango wa siku tatu kwa wiki ulifanya kazi kwa sababu nyingine: ulikuwa na mlango wa kutokea. Alijua Ijumaa inakuja, naye akaanza kufika kwenye laptopu akiwa na maswali yaliyoandikwa tayari. Mikono ikakaa mbali na kibodi siku nne, kichwa kikafanya kazi.

Wazo la mjomba ndilo nililolidharau na ndilo ninalolitumia sasa kwa kila kijana klabuni. Si "maliza programu", ila nani atakaa aitumie, wapi, hadi afike wapi. Mimi ningesema "ongeza kiwango cha mashine kucheza yenyewe", na Sudi angekuwa bado anaongeza.

Pia hapakuwa na sababu ya faili la siku tisa kupotea. Nilijua betri imekufa tangu siku ya kwanza, na flashi ya pili ninayo kwenye droo. Hilo halina uchambuzi.

Kikao chenyewe kilikuwa na shimo. Tuliongea umeme, kompyuta, alama, tukaamini kwa pamoja kwamba bao ndilo lililoshusha hisabati. Miezi mitatu baadaye, nikimfundisha, Sudi alitaja kwa kupita tu kwamba alikuwa haendi twisheni tangu Februari, mwezi ule ule kazi ya bao ilipoanza. Hakuna aliyeuliza siku ile, na yeye hakusema.

Hapa ndipo panapoingia ombi la mama. Aliposomewa aya hii alisema niandike kwamba mtoto hakuacha twisheni. Yeye ndiye aliyemwachisha, mafuta ya kukaangia yalipopanda bei, na siku ya kikao alikuwa anajua.

Kinachobaki ni kanuni ya kutakasia, inayomkataza mchezaji kuondoa kete kwenye shimo lake linalotishiwa kuliwa, ambayo haimo bado kwenye programu. Sudi amejaza kurasa nne akijaribu kuielewa. Wazee wawili wanaielezea kwa namna mbili, na yule wa kanzu amesema hatakaa tena mbele ya skrini hadi hiyo ya kwake ndiyo iingizwe.